Diski Yenye Mdomo wa Mama

Mimi ni mtu wa kinyaa. Nalisema hili mapema ili asije mtu akanishangaa. Kazi yangu ni kusugua na kung'arisha meno ya bandia, na watu hudhani mwenye kazi hiyo hachefuliwi na kitu. Wanakosea. Meno ya bandia, kabla hayajaingia mdomoni mwa mtu, ni safi kuliko vijiko vyao vya chai. Mimi nachefuliwa na vitu vya kawaida kabisa: unywele kwenye sabuni, mtu anayeongea huku anatafuna, taulo la mikono lililofutiwa pua. Na nilichefuliwa na shemeji yangu tangu siku niliyoolewa katika nyumba ile.

Shemeji huyu, mdogo wake mume wangu, tulimwita Skrubu, kwa sababu kila akimaliza kuunga kitu lazima skrubu zibaki kiganjani mwake, na kitu chenyewe kinafanya kazi hivyo hivyo. Alitengeneza feni, pasi, redio, chochote chenye waya. Kucha zake zilikuwa nyeusi mwaka mzima. Alikuwa akijikuna kichwa kwa bisibisi, kisha bisibisi ile ile akakorogea chai. Sikusimuliwa. Nimeona kwa macho yangu, na chai ilikuwa kwenye kikombe changu.

Kwa hiyo kompyuta ya karakana yetu ya meno ilipogoma kuwaka, na Skrubu akaja kuifungua juu ya meza yangu, nilisimama mlangoni kabisa. Alipovuta ubavu wa kasha ilitoka harufu iliyonifanya nizibe mdomo kwa aproni. Panya alikuwa amezalia humo ndani. Kulikuwa na matambara, manyoya, vipande vya karatasi zetu za oda, na katikati yake vitoto vyekundu visivyo na macho vikifurukuta. Mkojo ulikuwa umeila bodi, ule ubao mkuu wa ndani, mpaka ikaota ukungu wa kijani. Skrubu akaingiza mkono mtupu, akavikusanya vile vitoto kama anayechota karanga, akatoka navyo nyuma ya nyumba. Aliporudi alijifuta mkono kwenye suruali, akaumega mkate wake alioacha juu ya faili langu.

"Toka humu na mikono hiyo!" nikamfokea.

"Shemeji, panya ni mnyama tu," akasema mdomo umejaa. "Shida si panya. Shida ni kwamba kompyuta hii imekufa. Kilichobaki kizima ni diski."

Hapo hasira yangu ikakatika, nikaingia ndani hatua moja. Diski ndiyo hasa tuliyokuwa tunaitafuta. Ndani ya diski ile kulikuwa na mdomo wa mama mkwe wangu.

Nieleze vizuri. Karakana ile ya meno ilianzishwa na mama mkwe. Yeye ndiye aliyetufundisha wote: mume wangu kuchukua vipimo vya vinywa na kuchonga, mimi kupanga meno na kung'arisha. Alikuwa na jicho kali mno. Alikuwa anaweza kulitazama jino moja juu ya trei akakwambia mwenye jino hilo anatafunia upande gani. Kisha akaota uvimbe juu ya kaakaa. Madaktari walipoukata walichukua na nusu ya taya la juu, meno na yote, wakaacha tundu kati ya mdomo na pua. Kabla ya kulazwa, alijua kinachomngoja. Alitukalisha, tukachukua umbo la mdomo wake ukiwa mzima, tukalimwaga kwa plasta, tukalipitisha kwenye skana, picha ikaingia kwenye kompyuta. Plasta yenyewe tukaivunja na kuitupa. Ilikuwa sheria yake mwenyewe, kwa sababu rafu ni ndogo na plasta inaleta vumbi: kilichoskaniwa kinavunjwa. Nakala ya pili ya picha hatukuweka. Kila siku tulisema tutaweka kesho.

Sasa Mama alikuwa amejifungia chumba cha nyuma. Hospitali walimpa kizibo cha muda kisichomkaa. Akinywa chai inamtokea puani. Akisema neno linapitia tunduni, linatoka mvumo mtupu, na katika nyumba nzima ni Skrubu peke yake aliyemwelewa. Mezani hakuja tena. Daktari alisema nyama inapona na kujivuta, na bila pleti kamili, yaani kaakaa la bandia lenye meno yake, shavu litaporomoka na mdomo utakaza, na hapo hakuna fundi atakayeweza kitu. Pleti hiyo tungeitengeneza sisi. Lakini kwa kufuata nini? Bila ile picha tungebahatisha, na Mama hakuwa mtu wa kubahatishiwa.

Skrubu akaijenga kompyuta mpya. Alileta vipande kimoja kimoja vikiwa kwenye maboksi yao: kasha, bodi, feni, vijiti vya memori, na kadi kubwa ya picha ambayo programu ya kuchonga meno haiendi bila hiyo. Alivipanga juu ya gazeti lenye madoa ya mafuta ambayo sikutaka kujua ni ya nini. Mume wangu alimsaidia. Mume wangu ni mtu nadhifu. Shati lake halijui doa, kucha zake fupi, na kabla ya kugusa chochote anapangusa meza kwa spiriti. Nilikuwa nikiwatazama wale ndugu wawili nashindwa kuamini walinyonya ziwa moja.

Diski ya zamani wakaifunga ndani ya kompyuta mpya ili iwashe kama ilivyokuwa ikiwasha ile ya kwanza, na programu zake zote. Siku ya kwanza iliwaka. Tulipiga makofi. Skrubu alinikumbatia kabla sijakwepa. Programu ikafunguka, orodha ya wagonjwa ikajitokeza, mume wangu akaanza kutafuta jina la Mama. Ghafla picha ikaganda. Kishale kikagoma kusogea. Skrubu akaizima na kuiwasha tena, na kioo kikabaki cheusi na mstari mmoja wa herufi nyeupe: haikuona diski yoyote ya kuanzia.

"Haibuti," akasema Skrubu. "Haianzi."

"Ilikuwa inabuti sasa hivi," nikasema.

"Ilikuwa. Sasa haibuti."

Basi ikaanza kazi ya kuitafuta hitilafu, na sijawahi kuona kazi chafu namna ile. Skrubu alichomoa vijiti vya memori akavitemea pumzi, na pumzi yake ilikuwa na matone, akavifuta kwa pindo la fulana. Haikubuti. Alitoa ile betri ndogo ya bodi, bila shaka kwa kucha, akaiweka ulimini kuonja kama ina moto. Ina moto. Haikubuti. Aliingia kwenye mipangilio, akaitaja diski iwe ya kwanza kuanzia, lakini hutaji kisichokuwepo: katika orodha ya vifaa diski haikuonekana kabisa. Akabadilisha utaratibu wa kuwasha, kutoka mpya kwenda wa zamani, akarudi, akabadilisha tena. Kila mara tuliinama wote kwenye kioo, na kila mara ule mstari mweupe ukatukodolea macho.

Kisha akafanya jambo lililonitia kichefuchefu cha wiki nzima. Alichukua bisibisi yake, akaing'ata mpini kwa magego, ncha akaiegemeza juu ya diski, akafumba macho.

"Unafanya nini wewe?" nikauliza.

"Mmm," akasema, ute ukimtiririka kwenye mpini. Akaitoa. "Nasikiliza kwa meno. Inazunguka, shemeji. Inazunguka vizuri, haikwami wala hailii. Diski ina uhai. Umeme unaifikia. Kama umeme unaifikia na bodi haiioni, basi ni ule waya mwekundu unaobeba data, ama ni tundu lake kwenye bodi." Akamgeukia mume wangu. "Kaka, ule waya si ulikuwa unalegea? Nilisema nitaleta mwingine."

"Nimeshaubadilisha," akasema mume wangu. "Nimeukagua mwenyewe. Uko sawa, na tundu lake pia."

Hapo mambo yakaishia. Katika karakana ya Mama mtu akisema nimekagua, hakuna anayerudia. Kazi iliyokaguliwa inawekwa trei ya kulia na haifunguliwi tena, hata kama aliyeikagua ni mwanagenzi. Ndivyo tulivyofundishwa, na tuliona fahari kwa hilo, maana kurudia kazi ya mwenzako ni kumwambia usoni kwamba humwamini. Waya wenyewe uliingia chini ya ile kadi kubwa ya picha, na kuufikia ilibidi kufungua nusu ya mashine. Skrubu akatikisa kichwa, akaenda kuhangaika na kitu kingine.

Siku zilizofuata nilimsema Skrubu mpaka nikachoka mwenyewe. Nilimwambia ameua diski kwa mate yake. Nilimwambia mikono ile iliyoshika panya ndiyo iliyoshika mdomo wa mama yake. Alikuwa akitoka chumba cha nyuma na bakuli la Mama, na supu iliyobaki, ile iliyomshinda Mama, anaimalizia yeye akiwa amesimama koridoni, kwa kijiko kile kile. Nilikuwa nageuza uso. Mume wangu alikuwa anageuza uso pia, na nilidhani tunachefukwa na kitu kimoja.

"Tuipeleke dukani," Skrubu akasema siku moja. "Waipachike kwenye mashine nyingine, tuone kama itaonekana."

"Diski ya wagonjwa haitoki hapa," akasema mume wangu. "Mle mna siri za vinywa vya watu."

Niliona amesema neno la heshima. Nilimwunga mkono, tena kwa sauti. Tukakubaliana muuza kompyuta aje mwenyewe.

Akaja. Kijana wa shati jeupe, marashi yametangulia mlangoni kabla yake. Nikafurahi kwamba mara hii mtu msafi ataishika kazi. Akakaa, akabonyeza hapa na pale, akaangalia ile orodha isiyo na diski, akachomoa ufunguo wa gari mfukoni na kuanza kujichokonolea sikio. Alipomaliza akautazama ufunguo, akaupangusa kwenye ukingo wa meza yangu. Nikaapa kimoyomoyo kwamba duniani hakuna mwanamume msafi zaidi ya wangu.

"Waya mmeangalia?" akauliza.

"Nimeukagua," akasema mume wangu.

"Basi diski imekufa ubongo. Inazunguka lakini haijitambui. Hii zikeni. Nina mpya kwenye begi, naiweka programu upya sasa hivi, mnaanza kazi."

"Na vilivyomo?" nikauliza.

"Dada, vilivyomo vimekwenda."

Alisema hivyo kwa wepesi, kama mtu anayekwambia sukari imekwisha. Nikamwona Mama akizeeka katika kile chumba, kitambaa puani, shavu limeporomoka, na sisi tukitengeneza meno ya watu baki. Skrubu alikuwa amechuchumaa sakafuni, ameinamisha kichwa, na nadhani alikuwa analia, kwa sababu alijifuta uso kwa lile tambara lake la grisi na akabaki na mchirizi mweusi.

Mume wangu alikuwa ameshasimama. "Basi," akasema. "Imekufa imekufa. Ngoja niivunje kabisa, siri za watu zisije zikazagaa." Akaifuata nyundo ya plasta ukutani.

Hiyo haraka. Mpaka leo sijui jinsi ya kuieleza, ila niliisikia mwilini, mtu anaisikia haraka ya mume wake. Anayefiwa haendi kutafuta nyundo. Nikamwambia, "Usiiguse."

"Mke wangu, imekwisha."

"Nimesema usiiguse! Naipeleka dukani mimi mwenyewe, siri za wagonjwa zife na mimi."

Nikamsukuma yule kijana na kiti chake. Sikujua kufungua kadi wala diski inachomolewa wapi. Niliingiza mkono chini ya ile kadi ya picha, nikaupapasa ule waya mwekundu mpaka mwisho wake kwenye bodi, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Waya ukatoka shingo upande, na vidole vyangu vikatoka na kitu laini, chenye utelezi, kinachonata. Nilidhani ni mate ya Skrubu yameganda. Karibu nitapike. Nikavileta vidole kwenye mwanga wa dirisha.

Ilikuwa nta. Nta yetu ya waridi, ile tunayosimamishia meno kwenye ufizi kabla ya kuyapika. Naijua harufu yake kuliko ya watoto wangu. Ilikuwa imeyeyuka kwa joto la ile kadi, ikashuka ndani ya tundu, ikafunika kila kijino cha shaba, kisha ikaganda. Waya ulikuwa ule ule wa zamani, ule unaolegea.

Katika nyumba ile Skrubu hakugusa nta kamwe, Mama alimkataza tangu alipokuwa mdogo kwa sababu ya mikono yake. Mimi nta naitumia kwa meno tu. Aliyekuwa anaziba kila kitu kwa nta ni mmoja: mguu wa miwani ukilegea, nta, kifuniko cha birika kikicheza, nta, droo isiyofunga, nta. Nikamgeukia. Bado alikuwa ameishika nyundo.

"Shemeji, kuna tundu jingine," Skrubu akasema haraka. Alikuwa ameiona ile nta, akaelewa, na badala ya kumtazama kaka yake akaitazama bodi. "Bosi, una waya kwenye begi? Lete." Yule kijana akatoa waya mpya. Skrubu akauchomeka kwenye tundu jingine lisilo na nta, upande wa pili kwenye diski, akawasha.

Ikabuti. Feni zikavuma, kioo kikawa cha buluu, programu ikafunguka. Skrubu akatafuta jina la mama yake kwa kidole kimoja, na mdomo ukajitokeza: taya lote la juu, meno yake mafupi ya mbele, kaakaa na mikunjo yake, mzima, ukigeuka polepole juu ya kioo. Kabla ya kitu kingine chochote alinakili lile faili kwenye diski mpya ya yule kijana, kisha kwenye simu yake, kisha kwenye yangu. Muuza kompyuta alisema alijua tangu mwanzo kwamba ni waya, akaondoka na marashi yake.

"Ulijua," nikamwambia mume wangu.

Akaiweka nyundo mezani. "Ulikuwa unalegea. Nikaupa nta kidogo ushike, mpaka alete mwingine. Sikuwa na nia mbaya."

"Siku ile. Na ilipozima?"

Akainyoosha nyundo ikae sambamba na ukingo wa meza.

"Ilipozima ulijua nta imeyeyuka. Wewe umeanza kuyeyusha nta kabla ya kujua kusoma. Ukasema umebadilisha. Ukamwacha mdogo wako atukanwe na mimi, kila siku, mbele yako, na wewe unakunywa chai."

"Nilitaka kusema."

"Ulishika nyundo!"

Akakaa chini kwenye kiti cha wagonjwa. Alisema kwa sauti ya chini sana, akitazama mikono yake safi. "Pleti ikitengenezwa, wa kupima ni mimi. Hapa vipimo vya vinywa ni kazi yangu. Siku ile hospitali daktari alimwambia Mama afungue mdomo, akanimulikia tochi nione. Niliona mpaka ndani ya pua. Nyama inacheza. Akawa ananitazama huku mdomo uko wazi, Mama, na mimi... Nilitoka nikatapika kwenye ndoo ya mfagiaji. Tangu siku ile nikimsikia anakohoa, chakula hakishuki. Siwezi kuingiza vidole humo. Siwezi, mke wangu. Nikasema labda Mungu ameamua picha ipotee, basi tutafute hospitali kubwa, wafanye wao."

"Unashinda kutwa ndani ya vinywa vya watu."

"Vya watu," akasema.

Nimekwambia mimi ni mtu wa kinyaa. Nimeona vitoto vya panya kwenye meza yangu, nimeona bisibisi ikilowa mate, nimeona ufunguo wenye nta ya sikio. Hakuna kilichonipanda kama kilichonipanda pale, kutoka tumboni mpaka kooni, nikimtazama mume wangu wa shati jeupe. Nilimwonea kinyaa. Sikumhurumia hata chembe, na sijui kama hilo ni kosa langu au lake. Nilitamani asogee mbali na meza.

Skrubu alikuwa anakwangua nta kwenye lile tundu kwa kijiti cha kuchokolea meno. Alisema bila kugeuka, "Mama tusimwambie."

Vipimo nikachukua mimi, ambaye kazi yangu ni kung'arisha. Nilikwenda chumba cha nyuma na trei na ute wa kupimia, ule unaoganda kwa umbo la mdomo, na Skrubu akaja kunisaidia, kwa sababu ndiye aliyejua mahali panapouma na mahali pasipouma. Kumbe kila asubuhi na kila jioni ndiye aliyekuwa akilisafisha lile tundu kwa maji ya chumvi. Alivaa glavu, akamshika mama yake kidevu, akamwambia, "Fungua, mama yangu mzuri," na Mama akafungua. Nilichefuka. Sitadanganya mtu. Harufu ilikuwa nzito, na kizibo cha hospitali kilipotoka kilikuja na vitu. Nilisogea dirishani nikavuta hewa, nikarudi, nikafanya. Mama alinishika mkono wakati wote, na macho yake yalikuwa yananikagua kazi.

Tuliipika pleti kwa kufuata ile picha, jino kwa jino. Mume wangu alichonga kwenye kompyuta, maana kuchonga kwenye kioo hakuna harufu, na alichonga vizuri sana, nikiri. Mimi nikaing'arisha mpaka ulimi usingepata pa kukwaruzika.

Tukaenda wote kumvisha. Mama alikaa kwenye kiti chake dirishani. Niliiweka, ikateleza ikakaa, nikasikia mlio mdogo wa kukubali. Alifunga mdomo. Shavu likainuka, na ghafla yule mwanamke tuliyemjua alikuwa mbele yetu. Akameza mate, hayakurudi. Akanywa maji, akameza. Skrubu akaanza kucheka na kulia na kupenga kamasi kwa wakati mmoja, na mara ile sikugeuza uso.

"Nani kachukua kipimo?" akauliza Mama. Sauti yake. Kila neno mahali pake.

"Mimi, Mama."

"Kizuri. Huku kushoto inanibana kidogo." Akamtazama mume wangu aliyekuwa amesimama karibu na mlango. "Njoo unitazamie."

"Mke wangu atatazama, Mama. Yeye ndiye aliye—"

"Nimekuita wewe." Hakupandisha sauti. "Wangapi nimewafundisha kazi hii? Nawajua wanaotazama pembeni. Nilikuona tangu hospitali, mwanangu. Njoo."

Akaitoa pleti mwenyewe, akaiweka mapajani, akafungua mdomo kwenye mwanga wa dirisha.

Mume wangu akavaa glavu. Akavaa nyingine juu yake. Akasogea, akapiga magoti mbele ya kiti, akainua mkono, na vidole vyake vikafika karibu kabisa na midomo ya mama yake. Pale vikasimama. Tulingoja. Macho yake, hata alipoyalazimisha, yakateleza kwenye kona ya dirisha.

Mama akafunga mdomo. Akaichukua pleti mapajani, akairudisha mahali pake taratibu, ili neno lake litoke sawasawa.

"Basi, baba," akasema. "Kanawe."

Mume wangu akainuka. Tukamsikia koridoni akivua glavu, kisha maji ya bomba, kwa muda mrefu, akiinawa mikono ambayo haikuwa imegusa kitu.